Niandikie "habari"

Mtu akinijia kutafuta kibodi inayomfaa, namwomba kwanza aandike neno "habari" mara kumi, asifute kitu. Mimi nayasoma makosa. Ulemavu wa viungo ni jina pana mno: watu wawili wenye ugonjwa mmoja wanaweza kukosea kwa namna mbili zisizofanana kabisa, na kibodi hutengenezwa kwa kufuata kosa.

Akitoa "hhhhabari", kidole kinafika vizuri ila kinachelewa kuachia. Hapo sibadilishi kibodi. Naingia kwenye mipangilio, nazima urudiaji wa herufi, basi.

Akitoa "hjabari", kidole kinatua kwa jirani. Wengi hukimbilia vitufe vikubwa, na mara nyingi wanamwongezea mtu tabu. Vitufe vya kawaida vimeachana kama milimita 19 kutoka kati hadi kati. Ukizidisha nafasi hiyo mara mbili, mkono nao utasafiri mara mbili. Mwenye misuli iliyodhoofika hafiki ukingoni. Huyo mpe kibodi ndogo yenye vitufe vyepesi. Mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mkono humruka bila yeye kutaka, anaweza kufaidi zaidi kifuniko kigumu cha plastiki chenye tundu juu ya kila kitufe: anaulaza mkono juu yake bila kubonyeza chochote, kisha anazamisha kidole tunduni. Kifuniko hichohicho kwa yule mwenye misuli iliyodhoofika ni mateso, maana kila herufi inamdai anyanyue kidole upya.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni "haabbari", kitufe kimoja kupigwa mara mbili kwa mtetemeko. Mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson kwa kawaida huenda mara 4 hadi 6 kwa sekunde, hivyo pigo la pili hufuata upesi sana. Kompyuta inaweza kuamriwa ipuuze herufi ileile ikirudi ndani ya muda fulani. Lakini Kiswahili kimejaa irabu pacha: saa, taa, mguu. Kuna mzee niliyemwekea nusu sekunde, akaniita baada ya siku mbili.

"Mwanangu, naandika mzee, inatoka mze."

Nikakaa naye tukipunguza kidogo kidogo, yeye akiandika neno lilelile, hadi tukafika sekunde 0.3. Mapigo ya mtetemeko yakaachwa nje, na ile e ya pili ikapita bila yeye kuisubiri.