Hudi Nzito Nayo Inavutika

Jana nimeletewa tena hudi, sweta yenye kofia, niidarizi nembo kwa mashine, pamoja na kauli yake ile ile: "Hii usiiharibie karatasi, fundi, si unaona ilivyo nzito?" Karatasi yenyewe ni ile ninayoiweka nyuma ya kitambaa ikishikilie kisivutike wakati wa kudarizi. Huyo mteja ni wa tatu mwezi huu. Leo acha niseme.

Uzito si ugumu. Ishike hudi hiyo kwa mikono miwili, ivute kwa upana, kisha kwa mshazari. Imekufuata? Basi na sindano itaifuata. Nembo ya mishono 10,000 ni sindano kuzama mara 10,000, na kila mshono unakivuta kitambaa kidogo. Kinachovutika hakina pa kujishikiza, kwa hiyo duara linatoka yai na kingo zinakunjamana. Halafu lawama anabebeshwa tensheni, mkazo wa uzi kwenye mashine! Shati jembamba la pamba lisilonyumbuka linadariziwa juu ya karatasi moja ya kuchana, ile inayochanwa na kuondolewa kazi ikiisha, na wala halilalamiki.

Chochote kinachovutika nakiwekea karatasi ya kukata, ile inayokatwa pembeni kwa mkasi na kubaki nyuma ya nembo maisha yote ya nguo. Wateja hawaipendi, wanataka nyuma kuwe safi. Lakini karatasi ya kuchana ikishatobolewa hivyo inaanza kuachia, na nguo ikifuliwa mara kadhaa, nembo iliyokuwa imenyooka mezani inajikunja kama jani kavu. Na fulana usiiwambe kwenye fremu kama ngoma. Ikazwe karatasi, fulana ilale tu juu yake. Ukiivuta unaidarizi ikiwa imetanuka. Ukiifungua inarudi kwao, nyuzi zinabaki zilipo.

Taulo: tandika juu karatasi ya kuyeyuka majini, mishono isizame kwenye manyoya. Ngozi: punguza mishono, tundu la sindano halizibiki. Uzi nambari 40 unatosha kazi nyingi, herufi ndogo zipe 60, ulio mwembamba zaidi, na sindano nyembamba.

Kuhusu sindano, vitabu vinataka ncha ya mviringo kwa vitambaa vinavyovutika, ipenye kati ya nyuzi bila kuzikata. Sawa. Ila kwenye polo, fulana yenye kola, herufi ndogo zinanitokea safi zaidi kwa sindano ya ncha kali, saizi 75/11. Polo moja ikarudi na vitundu baada ya kufuliwa, nikahamia mviringo. Wiki iliyofuata nilikuwa nimesharudi kwenye kali. Sijui nitaishia wapi.

Hudi ya jana nimeiwekea karatasi mbili za kukata. Mwenyewe sijamwambia.