Kukagua taipu na mhuri kwenye hati iliyoskaniwa

Ukiletewa kwenye simu picha ya barua ya toleo ya kiwanja (barua rasmi ya kumpa mtu kiwanja), iliyopigwa taipu mwaka 1983, na unataka kujua kama imeghushiwa, usikimbilie mhuri. Anza na herufi.

Taipureta ya kawaida huipa kila herufi nafasi sawa, iwe "i" au "m": herufi 10 kwa inchi, au 12 kwa mashine za maandishi madogo. Hati ikiskaniwa kwa pikseli 300 kwa inchi, hatua ya herufi hadi herufi itakuwa pikseli 30 au 25. Nyoosha picha kwanza kama imelala upande, ikuze, chora mistari ya wima kwa hatua hiyo, kisha tazama namba ya kiwanja, ukubwa wake na mwaka. Karatasi iliyochomolewa kwenye mashine na kurudishwa baadaye ili iongezwe tarakimu ni vigumu sana kukaa palepale. Tarakimu ya nyongeza hukosa mstari wake, au hupanda kidogo kuliko wenzake. Angalia pia "e": kama tundu lake limezibwa na uchafu wa utepe ukurasa mzima, kwa nini liwe safi kwenye jina la mmiliki tu?

Sasa mhuri. Mpira ukigandamizwa kwa mkono, wino husukumwa pembeni, ukingo ukakolea na upande mmoja ukafifia. Panapokutana mhuri wa bluu na herufi nyeusi, herufi huendelea kuonekana. Mhuri uliobandikwa kwa programu mara nyingi huja na weupe wake na kukata herufi za chini. Ukiwa na hati mbili, laza mhuri mmoja juu ya mwingine: ikilingana hadi madoa na mwinamo, hakuna mkono uliogonga mara mbili.

Soma na maneno yake. Mhuri wa "Mkoa wa Geita" kwenye hati ya 2005 hauwezekani, kwa kuwa mkoa huo ulianzishwa 2012. Jina "Tanzania" nalo lilianza kutumika Oktoba 1964, miezi kadhaa baada ya Muungano.

Hata hivyo, mashine yenyewe huharibu, na hapa ndipo watu wasio na hatia huitwa waghushi. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aliskani ramani ya nyumba kwa mashine ya Xerox. Vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vikatoka vyote vimeandikwa mita za mraba 14.13. Chanzo kilikuwa ubanaji wa faili uitwao JBIG2: mashine huhifadhi umbo moja na kulirudia kila inapoona linalofanana nalo. Kwa hiyo herufi zinazolingana pikseli kwa pikseli si ushahidi wa kughushi. Wala faili la PDF kugawanyika matabaka si ushahidi, maana ubanaji wa aina nyingine hutenga maandishi na mandhari ili kupunguza ukubwa.

Omba hati iskaniwe upya kwa rangi, pikseli 600 kwa inchi, na itumwe kama faili, si kama picha ya WhatsApp. Shaka ikibaki, dai karatasi yenyewe. Igeuze nyuma, uimulike kwa tochi kutoka ubavuni: nyundo za taipureta huacha vijishimo na vinundu, na nukta wakati mwingine hutoboa kabisa. Printa ya kompyuta ya siku hizi huacha mgongo wa karatasi laini.