Damu inapopita kwenye vali bandia

Wengi waliowekewa vali bandia ya moyo, yaani mlango wa kutengenezwa unaozuia damu isirudi nyuma, husumbuliwa na ule mlio wa tik-tik kifuani, hasa usiku. Sisi tunaowahudumia hautupi wasiwasi: ni vibao vya vali vinajifunga, na mlio ukiwa mkavu na wazi tunafurahi. Kinachotushughulisha ni namna damu inavyopita hapo.

Vali ya asili ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, hufunguka ikajibana pembeni, damu ikapita katikati bila kizuizi. Vali bandia ya kisasa, ile watu wanayoiita ya chuma ingawa vibao vyake ni vya kaboni, ina vibao viwili vigumu ambavyo hata vikifunguka hubaki njiani. Mkondo hugawanyika kuwa mitatu: miwili mipana pembeni na mmoja mwembamba katikati. Nyuma ya vibao damu hujizungusha, kama maji ya mto yanavyofanya yakishapita nguzo za daraja. Tena msukosuko huwa mkali zaidi pale kasi inapoanza kupungua, baada ya moyo kumaliza msukumo wake mkubwa.

Katika msukosuko huo damu husuguana yenyewe kwa yenyewe. Seli nyekundu hunyumbulika na kwa kawaida huvumilia. Chembe sahani, ambazo kazi yake ni kugandisha damu, huchokozeka upesi zaidi. Zikishachokozwa, zikafika mahali damu inapozubaa, hunata. Mahali penyewe ni kwenye bawaba za vibao. Kwa sababu hiyo vali hizi zimeundwa zivuje kidogo makusudi, ili damu inayorudi izisuuze bawaba. Lakini upenyo huo ni mwembamba, na damu inayochirizika humo kwa kasi nayo huchokoza chembe sahani. Wahandisi bado wanahangaika na tatizo hilo.

Ndiyo maana mwenye vali hii humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kupimwa INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, mara kwa mara. Vali za tishu ya nguruwe au ng'ombe hupitisha damu kwa utulivu zaidi, ila huchakaa, nyingi ndani ya miaka 10 hadi 15.

Mkojo ukiwa mweusi, macho yakawa ya manjano na mwili ukachoka, huenda seli nyekundu zinapasuka, mara nyingi kwa sababu damu inavuja kando ya vali. Na ule mlio ukififia ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.