Je, wajua kwa nini kodi ya mfanyakazi humrudia bosi?

Yadi ya malori pale Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, huwa na watu wa kila aina: madereva, matanboi, fundi wa matairi, karani wa stoo, askari wa lango. Ukimwuliza mwenye yadi ana wafanyakazi wangapi, huenda akakutajia wawili au watatu. Waliobaki, atakwambia, ni vibarua tu, au ni watu wanaojitegemea na kulipwa kwa kazi. Sasa maafisa wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, wakija kukagua vitabu, deni la kodi ya hao "vibarua" laweza kuandikwa kwa jina lake yeye. Mshahara waliula wao. Kwa nini adaiwe yeye?

Jibu liko katika namna PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, inavyofanya kazi. Mfumo wenye jina hilo ulianza Uingereza mwaka 1944, katikati ya vita, wakati wafanyakazi wengi wa kawaida walipojikuta wanadaiwa kodi ya mapato. Kumngoja mtu wa mshahara mdogo alipe kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo kulikuwa kumtaka asichokuwa nacho, kwa hiyo ikaonekana heri kodi ikatwe kidogo kidogo kabla pesa haijafika mfukoni. Na anayeweza kuikata hapo ni yule anayelipa. Uganda inafuata njia hiyo hiyo katika Sheria yake ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1997: mwajiri anakata, anapeleka URA, na anatoa hesabu. Asipokata, kodi ile inakuwa deni lake binafsi. Anayo haki ya kumdai mfanyakazi baadaye, lakini mwenye yadi anajua ugumu wa kumtafuta tanboi aliyekwisha kuhamia Juba.

Chukua karani wa stoo anayelipwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2012, shilingi 235,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 335,000 ni 10%, kisha 20% hadi 410,000, na kinachozidi hapo, hadi milioni 10, ni 30%. Jumla ya PAYE ya karani wetu ni shilingi 52,000. Halafu kuna NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni: 5% inatoka kwake, yaani 25,000, na 10% inatoka kwa bosi juu ya mshahara, yaani 50,000. Karani anaondoka na 423,000, na bosi ametumia 550,000. Tena NSSF ya mfanyakazi haipunguzi kodi yake. PAYE hupigwa kwenye mshahara kabla akiba haijakatwa, jambo linalowashangaza wengi wanapojaribu kupiga hesabu wenyewe.

Mwite karani huyo huyo mtu anayejitegemea, na makato yote hayo yanapotea kwenye karatasi. Kodi ya zuio ya 6%, ile ambayo mlipaji huizuia kabla ya kumlipa mtoa huduma, hukatwa na walipaji walioteuliwa tu, kwa malipo yanayozidi shilingi 1,000,000, kwa hiyo ankara yake ya laki tano inapita bila kuguswa. Hapo ndipo kishawishi kilipo, na ndiyo maana wakaguzi hawaishii kusoma jina lililoandikwa juu ya mkataba. Wanauliza maswali ya kawaida kabisa. Nani anampangia saa za kuja na kuondoka? Vifaa ni vya nani? Akiumwa, anaweza kumtuma mtu mwingine afanye kazi yake? Kazi ikiharibika, hasara ni ya nani? Anahudumia wateja wengine, au yupo stoo kwako kila asubuhi? Sheria ya kodi yenyewe inaihesabu kuwa ajira hata nafasi inayompa mtu malipo ambayo kiasi chake kimepangwa au kinaweza kujulikana. Fundi wa matairi mwenye kibanda chake, anayeitwa lori likipasuka gurudumu na kutaja bei yake mwenyewe, ni mtu anayejitegemea kweli. Karani hawezi kuwa hivyo hata akisaini karatasi ngapi.

Kuhusu vibarua, Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zimesema waziwazi: mtu hawezi kuajiriwa kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Akifanya kazi mfululizo miezi minne, anakoma kuwa kibarua na anastahili mkataba wa maandishi. Askari wa lango aliyekesha pale miaka mitatu ni mwajiriwa, iwe kuna karatasi au hakuna. Naona hiki ni kipengele ambacho kila mfanyakazi wa yadi, gereji na duka la jumla angepaswa kukijua kwa moyo, kwa sababu ndicho kinachovunjwa kirahisi zaidi.

Kazi ya makaratasi yenyewe si kubwa kama inavyoogopwa. Mwajiri anajisajili URA kwa ajili ya PAYE, na kila mwezi anajaza ritani, yaani taarifa ya kodi, kwenye tovuti yao ikionyesha kila mfanyakazi, namba yake ya mlipakodi (TIN), mshahara na marupurupu. Nyumba au gari la matumizi binafsi analopewa meneja huhesabiwa pia kama mapato. Ritani na pesa zinatakiwa kufika kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita, na NSSF vivyo hivyo. Kodi iliyochelewa inazaa riba ya 2% kila mwezi. Halmashauri nayo ina kodi yake ya huduma za mitaa, isiyozidi shilingi 100,000 kwa mwaka, ambayo bosi huikata katika miezi minne ya kwanza ya mwaka wa fedha, kuanzia Julai.

Zamani mwenye wafanyakazi chini ya watano angeweza kusema NSSF haimhusu. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliondoa kizingiti hicho. Hata mwenye karani mmoja anachangia. Na hapa hasara ya kuitwa jina lisilo lako inaonekana wazi kuliko kwenye kodi. Mwanachama hulipwa akiba yake akifika miaka 55, na aliyetimiza miaka 45 akiwa amechangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi 20% mapema. Askari ambaye jina lake halikuwahi kupelekwa hana miaka ya kuhesabiwa.

Mfanyakazi ana haki ya kupewa hati ya mshahara kila anapolipwa, ikionyesha kilichokatwa na sababu yake. Hiyo ni Sheria ya Ajira ya 2006. Anaweza kuilinganisha na taarifa yake ya NSSF. Makato yakiwa kwenye hati bila kuonekana kule, aanze kwa afisa kazi wa wilaya. Mwajiri aliyekwisha kugundua kwamba "vibarua" wake ni waajiriwa naye ana njia: akijitokeza mwenyewe URA kabla hawajamfikia, na akalipa kodi yenyewe, anaweza kusamehewa riba na adhabu.