Betri ikijaa, breki inapeleka wapi umeme?

"Injinia, kupanda haina shida. Inakufa nikishuka."

Hayo alisema mwendesha bodaboda ya umeme mara ya pili alipotuletea kontrola iliyoungua, kile kisanduku kinachoongoza umeme kati ya betri na mota. Mara ya kwanza alisalimia. Safari hii aliitua tu mezani. Nilipoifungua, transista mbili, yaani swichi za kielektroniki, zilikuwa zimepasuka, na ile harufu mnaijua.

Kazi yangu ni kuandika famwea, programu inayokaa ndani ya chipu ya kontrola. Wengi hudhani kontrola ni kama mfereji: ukizungusha mkono, umeme unatoka zaidi. Ingekuwa hivyo ningelala mapema. Mota ya pikipiki ina koili za fezi tatu na sumaku zinazozunguka, na umeme wa koili lazima ufuate sumaku popote ilipo. Kwetu, transista sita zinawashwa na kuzimwa mara 20,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila mzunguko chipu ina mikrosekunde 50 za kupima mkondo, kusoma pembe ya rota (sehemu ya mota inayozunguka), kupiga hesabu na kuamua transista ipi iwake kwa muda gani. Kisha inaanza upya.

Hesabu zenyewe ni za zamani. Wahandisi Edith Clarke na Robert Park walizishughulikia Marekani kwa ajili ya mitambo mikubwa ya umeme. Makala ya Park ilitoka 1929. Uzuri wake ni kwamba mikondo mitatu inayopanda na kushuka inageuka namba mbili zilizotulia: moja inahusu usumaku, nyingine ndiyo nguvu ya kuzungusha gurudumu. Ukiiwekea hiyo ya pili alama ya kutoa, mota inageuka jenereta. Pikipiki inapunguza mwendo na umeme unarudi kwenye betri. Alama moja tu, na una breki.

Sasa, mteja wetu anaishi juu, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Mai Mahiu, chini kwenye Bonde la Ufa. Usiku anachaji hadi betri ijae pomoni, asubuhi anashuka.

Betri yetu inaitwa ya volti 72, lakini ni seli 20 zilizofuatana, na kila seli ikijaa ina volti 4.2. Hiyo ni 84. Transista zinavumilia 100. Anaposhuka na breki ya mota, umeme unasukumwa kwenye betri isiyo na nafasi. Saketi ya ulinzi wa betri inafanya kazi yake: inakata. Mota haijui kwamba imekatwa, inaendelea kusukuma, na pa kwenda pamebaki kwenye kapasita za kontrola peke yake, vifaa vinavyohifadhi umeme kidogo tu kwa muda. Tuna mikrofaradi kama 1,000. Kuzipandisha kutoka volti 84 hadi 100 kunahitaji nishati ya jouli moja na nusu hivi. Breki ikirudisha wati 1,000, hiyo ni milisekunde moja na nusu.

Na mimi nilikuwa nikiangalia volti kila milisekunde 10. Niliandika hivyo mwenyewe, na maelezo pembeni ya msimbo yapo mpaka leo: "volti ya betri haibadiliki haraka." Kweli, haibadiliki, mradi betri ipo.

Kwenye benchi hatukuliona kwa sababu tulijaribu breki na betri iliyofika nusu. Tena karakana yetu haina mteremko.

Kipimo cha volti nimekihamishia kwenye ule mzunguko wa mikrosekunde 50, na juu yake tumeweka saketi inayozima transista bila kusubiri programu. Hapo ndipo palikuwa rahisi. Kilichonisumbua ni mtu aliye juu ya pikipiki: breki ikitoweka ghafla kwenye kona, nitakuwa nimeokoa transista nikamwangusha yeye. Kwa hiyo nguvu ya breki inaanza kupungua kidogo kidogo tangu volti 81, na ikikaribia 84 inakuwa sifuri. Betri ikiwa imejaa, basi, ataondoka nyumbani akijua kabisa kwamba breki ya mota haipo.

Nilipomweleza alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza bei ya pedi za breki. Nikamtajia. Siku hizi anachomoa chaja betri ikifika asilimia 85, anasema zile 15 zilizobaki mteremko utamjazia bure.