Wanaiogopa Kamera, Mtoto Wanampakata

"Ile mashine inachoma." Hiyo ndiyo kauli inayosikika zaidi hapa Dodoma mtu akipewa rufaa ya kwenda hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, kupimwa mifupa kwa dawa yenye mionzi. Ukweli ni kwamba gama kamera, yaani mashine inayopiga picha hiyo, haitoi mionzi hata chembe, inapokea tu. Anayetoa mionzi ni mgonjwa mwenyewe, akishachomwa mshipani sindano ya teknetiamu-99m, ndiyo hiyo dawa yenye mionzi. Atasubiri saa 2 hadi 4, anywe maji ya kutosha, aende haja ndogo, ndipo alale kwenye kitanda cha kamera bila kujitikisa. Kwa mzee mwenye saratani ya tezi dume, picha hiyo inaweza kuonyesha mfupa ulioathirika mapema kuliko eksirei.

"Mionzi ikishaingia haitoki." Huku kwetu hofu hii haikuanza hospitali. Watu wanakumbuka utafutaji wa urani, madini yenye mionzi, kule Bahi, basi mionzi yote wanaiona ni ile ile. Urani ya ardhini huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua nusu. Teknetiamu huchukua saa 6. Ukichomwa sindano saa 3 asubuhi, kesho yake saa kama hiyo imeshapungua nusu mara nne, na haijabaki hata sehemu moja ya kumi na sita, kwa kuwa nyingine imeshatoka na mkojo.

"Nywele zitanyonyoka." Hapana, hizo ni habari za dripu za kemo, dawa nyingine za saratani.

"Kama kipimo hakina neno, na tiba ni hivyo hivyo." Hapa ndipo ninapogombana na ndugu zangu. Iodini-131, dawa yenye mionzi inayotibu tezi ya shingo inayozalisha homoni kupita kiasi pamoja na aina kadhaa za saratani ya tezi hiyo, hupungua nusu kwa siku 8, na hutoka kwa mkojo, jasho na mate. Mgonjwa aliyepewa dawa hii hushuka treni ya SGR hapa Dodoma, akapanda basi la Kondoa, na huko mama mwenye mizigo akiingia, mtoto hupakatwa na yeyote aliyekaa. Usimpokee. Usikae bega kwa bega na mjamzito, lala peke yako, na choo kimwagie maji mengi kila utokapo. Ni kwa siku ngapi, inategemea dozi. Muulize nesi kabla hujaondoka, akuandikie. Mjamzito hapewi kabisa dawa hii, anayenyonyesha humwachisha mtoto kwanza, na mimba husubirishwa angalau miezi 6.

"Iodini si ndiyo ile ya kwenye chumvi? Nitaila kwa wingi nijiandae." Kinyume chake. Tezi ikishashiba madini joto, yaani iodini, ya chumvi, dawa haitapata pa kuingia. Ndiyo maana wengi huambiwa wapunguze chumvi hiyo wiki moja au mbili kabla ya tiba.

Halafu kuna lawama ya baadaye: "Dawa imeniharibu, sasa nachoka na kunenepa ovyo." Tezi ikishazimwa, homoni hupungua, na hilo madaktari hulitarajia. Wagonjwa wengi huhitaji kidonge cha thairoksini, homoni ya tezi hiyo, kila siku, maisha yao yote, na wanaokiacha wakidhani wamepona ndio wanaorudi wamevimba uso. Hunywewa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa au zaidi kabla ya chai.