Soksi za kilti: nyeupe si sheria

Jumamosi iliyopita kijana wa kwetu anayeoa huku Uskoti aliingia dukani tunakokodisha nguo za sherehe, amefuatana na mpambe wake na baba mkwe. Kilti, ile sketi ya mikunjo wanayovaa wanaume wa Uskoti, ilikuwa imeshachaguliwa: tartani, yaani kitambaa cha sufu cha miraba, ya Black Watch yenye buluu, kijani na weusi. Koti la Prince Charlie, lile fupi la sherehe za jioni, lilimkaa kama alishonewa yeye. Nikamwekea mezani jozi nne za soksi, na wala hakuzitupia jicho. "Kaka, nipe nyeupe tu. Za sherehe si ndiyo nyeupe?"

Hapana. Nimejibu hivyo kwa miaka sasa, mteja baada ya mteja, na bado wanakuja na neno lile lile wakiwa na hakika kabisa kwamba wameambiwa na mtu anayejua. Basi leo naliandika lote.

Tazama michoro ya wanaume wa Nyanda za Juu za Uskoti ya karne ya 18. Utaona soksi zenye miraba, nyingi nyekundu kwa nyeupe. Soksi hizo hazikufumwa. Zilikatwa kwenye kitambaa cha tartani, na zilikatwa mshazari ili kitambaa kivutike na kufuata shavu la mguu, kisha zikashonwa kwa nyuma. Kitambaa cha miraba ukikikata mshazari, miraba inasimama kwa pembe kama almasi, na ndiyo sababu soksi za kufuma zilizokuja baadaye ziliiga almasi zile zile. Vikosi vya jeshi vilishika mtindo huo: Black Watch nyekundu kwa nyeusi, Argyll and Sutherland Highlanders nyekundu kwa nyeupe. Hadi leo, mtu anayetaka vazi la jioni kamili kabisa huvaa soksi za miraba au almasi zinazoendana na kilti yake. Ni ghali, lakini ndizo zenye asili.

Hizi nyeupe tupu, na zile za rangi ya maziwa, zimeenezwa na maduka ya kukodisha katika miongo ya mwisho ya karne ya 20. Mimi nafanya kazi upande huo wa meza, kwa hiyo naijua sababu. Soksi nyeupe unaikodisha na tartani yoyote. Inafuliwa kwa maji ya moto na dawa ya kung'arisha bila kuogopa kuchuja. Moja ikipotea, unachukua nyingine yoyote unakamilisha jozi. Ni nafuu kwa mwenye duka, basi. Wapambe sita wakapigwa picha nazo, mwaka uliofuata wengine sita, na watoto waliokua wakiziona picha hizo ukutani wakaamini ndiyo mila. Mazoea yakageuka sheria, na hakuna aliyeitunga.

Kinachoniuma si historia peke yake. Ni namna nyeupe inavyomharibu mtu aliyevaa vizuri. Siku ile nilimwomba kijana avae soksi nyeupe mguu wa kulia na ya kijani cha chupa mguu wa kushoto, kisha asogee nyuma hatua tano kutoka kwenye kioo. Nafanya hivi kwa kila anayekubali, na nakuomba nawe ufanye. Mguu mweupe ulionekana mnene na mfupi, umekatika pale kilti inapoishia, na jicho likang'ang'ania hapo hapo. Mguu wa kijani ulishuka na kilti kama kitu kimoja hadi kwenye kiatu, na jicho likapanda usoni kwake, mahali linapotakiwa siku ya ndoa. Baba mkwe ndiye aliyesema kwanza: "Hiyo ya kushoto." Kijana alinyamaza kidogo, akaivua ile nyeupe.

Basi uchague rangi gani? Kwa kilti zenye kijani na buluu, nenda na kijani cha chupa, buluu iliyokoza, au damu ya mzee kama kuna mstari mwekundu ndani ya tartani. Kwa tartani nyekundu kama Royal Stewart, kijani kilichokoza kinaituliza vizuri sana. Kwa sherehe za mchana, ukiwa na koti la sufu nzito, hakuna kinachoshinda ile rangi ya kijani chenye kijivujivu wanayoiita lovat.

Kuna na kauli nyingine ninazoletewa dukani. "Soksi zifanane na shati." Hii ni ndugu wa ile ya soksi nyeupe, na haina mantiki. Mtu wa pwani akivaa kanzu nyeupe na koti juu yake, hakuna anayemdai koti jeupe. Shati lina kazi yake kifuani, soksi zina kazi yake mguuni.

"Zifanane kabisa na rangi kubwa ya kilti." Afadhali hii, ila nayo inawaponza watu. Sufu ya soksi na sufu ya kilti hazitiwi rangi kwenye chungu kimoja. Ukitafuta nyekundu ile ile utapata nyekundu inayokaribia, na kukaribia kunaonekana vibaya kuliko kutofautiana. Chagua rangi ya pili au ya tatu ndani ya tartani, na uichague mchana, nje ya duka. Taa zetu zinadanganya, hasa kwenye buluu na nyeusi.

"Nyeusi ndiyo rasmi zaidi, kama suti." Suti ina suruali inayofunika soksi, kilti haina. Soksi nyeusi juu ya viatu vyeusi zinaonekana kama buti, na mguu mzima unapotea. Kwenye msiba nitakuelewa. Harusini, chukua kijivu cha makaa ukitaka kitu cha giza.

"Kila ukoo una rangi yake ya soksi kisheria." Hauna. Kuna daftari la taifa la tartani, Scottish Register of Tartans, lililofunguliwa mwaka 2009, na linaandikisha tartani. Soksi hazimo.

"Vuta mpaka zifunike goti." Usifunike. Pindo la soksi likae vidole viwili au vitatu chini ya pia ya goti. Mfalme George IV wa Uingereza alipokuja Edinburgh mwaka 1822 alivaa kilti na, ndani yake, vazi la kubana la rangi ya waridi lililofunika magoti, watu wakamsema sana, na mchoraji David Wilkie alipomchora baadaye hakulichora, akampa magoti matupu.

Vile vitambaa viwili vinavyochungulia chini ya pindo, vilivyoshonwa kwenye mpira unaoshika soksi, si lazima viwe vyekundu. Kama soksi zimetulia, hapo ndipo pa kuweka rangi kidogo kutoka kwenye tartani, na vikae upande wa nje wa mguu, sio mbele ya ugoko.

Halafu jambo moja ambalo karibu kila mtu analisahau: njoo kujaribu soksi ukiwa na viatu utakavyovaa. Viatu vya kilti vyenye kamba ndefu za kuzungusha kifundoni havina ulimi, kwa hiyo soksi inaonekana hadi juu ya wayo, katikati ya kamba. Kijana wetu alipofunga zake, kijani kilichungulia pale kama kimewekwa makusudi.